Jinsi ya kupima mwenyewe jua linavyoipasha dunia joto, na kwanini joto halilingani kila mahali

Kabla hujashika kipimajoto kuna wazo moja inabidi ulitoe kichwani kwanza, maana ndo linalowachanganya watu wengi kwenye hii mada: kwamba jua linapasha hewa, alafu hewa yenye joto ndo inatupasha sisi na ardhi. Ni kinyume chake. Mwanga mwingi wa jua unapita kwenye hewa bila kuigusa sana, unafika chini, unamezwa na udongo, mawe, maji, majani, lami, bati, na hivo vitu vikishapata moto ndo vinaanza kuipasha hewa kutokea chini kwenda juu. Ile hewa ya moto inayokupiga usoni saa nane mchana imetoka kupashwa na ardhi. Ukilishika hilo, maswali mengine (kwanini mlimani baridi, kwanini kando ya bahari usiku hakupoi sana, kwanini saa nane joto kali kuliko saa sita) yanaanza kujijibu yenyewe.

Uzuri wake huhitaji maabara. Tafuta vipimajoto viwili vinavyofanana, kama ni vya kidijitali vyenye waya mrefu na kichwa cha chuma ni vizuri zaidi maana unaweza kukizika kichwa kwenye mchanga huku unasoma namba pembeni. Tafuta fimbo iliyonyooka ya mita 1, tepu ya kupimia, tochi, karatasi moja nyeusi na moja nyeupe, karatasi ya mraba mraba, vyombo vitatu vinavyolingana kwa ukubwa na rangi, mchanga mkavu, maji, na chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko. Daftari na kalamu, usitegemee kukumbuka. Kipimajoto cha homa hakifai kabisa, kinaanzia nyuzi 35 kinaishia 42, ukikiweka juani unakiharibu bure. Na ile namba unayoiona kwenye simu siyo simu iliyopima, ni hesabu ya eneo zima iliyotoka kwenye vituo na kompyuta, kwahiyo haijui kama umekaa kwenye lami au chini ya mti.

Onyo moja tu la usalama: usiliangalie jua moja kwa moja, na usijaribu kuliangalia kwa darubini au lenzi ya aina yoyote hata sekunde moja.

Namba chache za kuanzia

Uso wa jua una joto la kama nyuzi 5,500 za sentigredi na liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, mwanga wake unatumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia. Ule mwanga ukifika juu kabisa ya angahewa, kila mita ya mraba iliyoelekea jua uso kwa uso inapata wati kama 1,361. Lakini dunia ni mviringo na nusu yake muda wote ipo gizani, kwahiyo ukigawanya kwa dunia nzima usiku na mchana unabaki na wati 340 kwa kila mita ya mraba. Katika hizo, asilimia 30 hivi zinarudishwa angani na mawingu, barafu, mchanga na hewa yenyewe, hazipashi kitu. Chini kidogo ya robo inamezwa njiani na hewa, mvuke, vumbi na mawingu. Zinazobaki, karibu nusu ya zote, ndo zinamezwa na ardhi na bahari.

Sababu ya hewa kutomeza sana ni kwamba asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, na hizi mbili mwanga unaoonekana zinauachia tu upite. Gesi ya ozoni inakamata mionzi ya urujuanimno (ultraviolet) huko juu, mvuke wa maji unakamata kiasi, basi.

Sasa kuna ile hoja ya "huko kuna joto kwasababu wapo karibu na jua", ambayo mi naona ingekatazwa mashuleni. Dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Huo mwezi wa Januari ndo Ulaya na Urusi wanaganda. Umbali unabadilisha nguvu ya jua kwa asilimia kama 7 tu kati ya Januari na Julai, na hiyo inaipata dunia nzima kwa pamoja. Mwezi wa angani nao upo umbali uleule na sisi toka kwenye jua, lakini mchana uso wake unafika nyuzi kama 120 na usiku unashuka mpaka chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi 130. Umbali sawa, jua lilelile, matokeo tofauti kabisa, kwasababu mwezi hauna hewa wala bahari. Kwahiyo achana na umbali, twende kwenye vitu vinavyofanya kazi kweli.

Kipimo cha kwanza: fimbo na kivuli

Hiki ndo cha muhimu kuliko vyote kwahiyo usikiruke. Simamisha fimbo ya mita 1 kwenye sehemu tambarare, hakikisha imenyooka (funga uzi wenye kijiwe uangalie kama unaenda sambamba na fimbo), alafu pima urefu wa kivuli kila saa toka asubuhi mpaka jioni. Kivuli kikiwa kifupi kuliko nyakati zote ndo saa sita ya kweli ya hapo ulipo, usishangae ikipishana na saa yako ya mkononi, saa za nchi zimepangwa kwa kanda siyo kwa kijiji chako.

Kivuli kikiwa na urefu sawa na fimbo, yaani mita 1, jua lipo nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, na ardhi tambarare inapata asilimia 71 ya nguvu ambayo ingepata kama jua lingekuwa utosini. Kikiwa sentimita 58 jua lipo nyuzi 60, ardhi inapata asilimia 87. Kikifika mita 1 na sentimita 73 jua lipo nyuzi 30 na umebaki na nusu. Kikifika mita 3 na sentimita 73, nyuzi 15, umebaki na robo tu na kidogo juu yake. Na hapo hatujahesabu hewa, maana jua likiwa nyuzi 30 miali yake inapita kwenye hewa mara mbili ya ile ya utosini, kwahiyo inayopotea njiani ni nyingi zaidi. Ndo maana jua la saa kumi na mbili jioni linaonekana jekundu na haliunguzi.

Kama hizo asilimia hazikuingii akilini chukua tochi usiku. Imulike karatasi ya mraba mraba kwa kuisimamisha wima, urefu wa mkono hivi, hesabu miraba iliyomulikwa. Alafu iinamishe tochi bila kubadilisha umbali. Duara linakuwa yai refu, miraba inaongezeka, na kila mraba unafifia. Betri ni ileile na mwanga ni uleule, ila umetandazwa eneo kubwa. Kitu hichohicho ndo kinatokea duniani kutoka ikweta kwenda kwenye ncha, na kinatokea hapo kwako kutoka saa sita kwenda jioni.

Chukua London kama mfano, ipo latitudo 51.5 kaskazini. Tarehe 21 Juni saa sita mchana jua linafika nyuzi 62, tarehe 21 Desemba linafika 15 tu. Ukipiga hesabu, ardhi tambarare ya pale inapata zaidi ya mara 3 ya nguvu mwezi wa sita kuliko mwezi wa kumi na mbili kwa saa hiyohiyo moja, na bado mchana wa Juni una saa kama 16 na nusu wakati wa Desemba haufiki 8. Pembe na urefu wa mchana, hivo viwili ndo vinaleta misimu, na vyote vinatokana na mhimili wa dunia kulala kwa nyuzi 23.4. Kwenye ikweta mchana ni saa 12 karibu mwaka mzima na jua halitoki mbali na utosi, ndo maana watu wa huko wanahesabu misimu kwa mvua kuliko kwa baridi.

Kuna jambo hapa linawashangaza hata wanaojua. Tarehe 21 Juni, ukijumlisha saa zote 24, ncha ya kaskazini inapokea juu ya angahewa nguvu nyingi zaidi ya jua kuliko ikweta, kwasababu kule jua halizami. Sasa mbona hakuna joto? Jua lenyewe halipandi zaidi ya nyuzi 23.4 kwahiyo linapita kwenye hewa nene, na likifika chini linakuta barafu, ambayo inarudisha sehemu kubwa ya mwanga, na kinachobaki kinaishia kwenye kuyeyusha badala ya kupandisha joto. Hapo tunaingia kwenye rangi.

Rangi ya uso

Weka vipimajoto viwili juani, kimoja kifunike na karatasi nyeusi kingine nyeupe, ukubwa sawa, juu ya kitu kimoja (ubao ni mzuri, usiweke kimoja kwenye ubao kingine kwenye sementi). Soma kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa. Cheusi kitapanda haraka na kitabaki juu, ila kwa kiasi gani inategemea sana na upepo, kukiwa na upepo tofauti inapungua maana hewa inabeba joto la karatasi. Kwahiyo chagua siku tulivu, au kinga upepo kwa kitu ila kisitupie kivuli.

Benjamin Franklin alishaelezea jaribio kama hili kwenye barua ya mwaka 1761: alitandaza vipande vya kitambaa vya rangi tofauti juu ya theluji siku ya jua, baada ya saa chache cheusi kilikuwa kimezama chini kabisa na cheupe hakijazama. Hakuhitaji hata kipimajoto.

Kwa dunia yenyewe, theluji mpya inarudisha asilimia 80 mpaka 90 ya mwanga. Mchanga wa jangwani kama 40. Msitu mnene na lami mpya zinarudisha kidogo mno, na bahari jua likiwa juu inarudisha asilimia 6 hivi, inameza zote zilizobaki. Ndo maana barafu ya baharini ikiyeyuka mambo yanakuwa mabaya haraka: kioo cheupe kinaondoka, chini yake kuna maji meusi yanayomeza, yakimeza yanapata joto, yakipata joto yanayeyusha barafu nyingine.

Mchanga, maji, na mchanga wenye maji

Jaza chombo kimoja mchanga mkavu, cha pili maji, cha tatu mchanga uliolowa kabisa. Viache kivulini kwanza usiku mzima ili vianze na joto linalolingana, hii hatua watu wanairuka alafu wanalalamika namba hazieleweki. Asubuhi vitoe juani, vyote pamoja, kichwa cha kipimajoto kiwe sentimita 1 chini ya uso kwenye kila chombo. Kama vipimajoto ni viwili tu hamisha kimoja, ila kipe dakika 2 kitulie kabla hujasoma. Pima kila dakika 10 kwa saa nzima, alafu virudishe vyote kivulini uendelee kupima saa nyingine. Hiyo saa ya pili ni muhimu kama ya kwanza.

Mchanga mkavu utakimbia mbele, maji yatapanda taratibu, mchanga uliolowa utakaa nyuma ya mkavu kwa mbali. Ukivirudisha kivulini mchanga mkavu unaanza kushuka haraka, maji yanang'ang'ania. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji juli (kipimo cha nishati) kama 4,186, kilo ya mchanga mkavu inahitaji kama 800. Zaidi ya hapo mwanga unapenya ndani ya maji badala ya kuishia juu, na kwenye bahari mawimbi yanachanganya maji ya juu na ya chini, kwahiyo joto linagawanywa kwa kina kirefu. Na yale maji yaliyolowesha mchanga yanaibia joto kwa kugeuka mvuke, kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inakula juli kama milioni 2.4, ambazo zingepandisha joto la mchanga lakini zimeondoka na mvuke. Kwahiyo sehemu yenye udongo mkavu na lami inachemka kuliko sehemu yenye majani na udongo wenye unyevu, hata kama zote zipo chini ya jua moja na zinatazamana.

Kama una sehemu yenye mchanga mkavu mwingi nje, fanya na hili. Saa saba hivi gusa mchanga kwa kiganja, hautavumilia muda mrefu. Sasa chimba palepale kwa vidole mpaka sentimita 15 au 20, utakuta ubaridi, wakati mwingine na unyevu kabisa. Ingiza kipimajoto kila sentimita 5 uandike. Joto la mchana kwenye ardhi kavu linakaa kwenye ngozi nyembamba ya juu, haliendi mbali, ndo maana linapanda sana na pia linapotea upesi jua likizama. Satelaiti zimeshasoma zaidi ya nyuzi 70 kwenye uso wa jangwa la Lut huko Iran, wakati rekodi ya juu ya joto la hewa inayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni nyuzi 56.7, iliyosomwa Death Valley, Marekani, tarehe 10 Julai 1913. Uso wa ardhi na hewa ya juu yake ni vitu viwili tofauti, mtu akikutajia joto muulize limepimwa wapi.

Hii tofauti ya maji na nchi kavu ndo inaleta upepo wa baharini. Mchana nchi kavu inapata moto haraka, hewa yake inapanda, hewa ya baharini inakuja kujaza. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari na upepo unageuka. Ukipanua hilo kwa bara zima na msimu mzima unapata pepo za msimu. Na ukiwa katikati ya bara, mbali na bahari, hakuna kinachokuzuia kwenda kwenye ncha zote mbili: mji wa Verkhoyansk huko Siberia umeshawahi kusoma nyuzi 67.8 chini ya sifuri na umeshawahi kusoma 38 juu ya sifuri, mji uleule.

Kwanini joto kali ni saa nane na siyo saa sita

Pima hewa kivulini kila saa kuanzia alfajiri mpaka usiku, uchore mstari, na pembeni yake chora mstari wa vivuli vya fimbo. Mistari haitalingana. Jua linafika juu saa sita ila joto linafika kileleni kati ya saa nane na saa kumi hivi, na baridi kali siyo usiku wa manane, ni karibu na jua kuchomoza.

Fikiria ndoo yenye tundu chini huku bomba linaingiza maji. Bomba likifunguliwa sana maji yanapanda, ukianza kulifunga taratibu maji bado yanaendelea kupanda kwa muda, mpaka pale yanayoingia yalingane na yanayotoka, hapo ndo kilele. Ardhi nayo ipo hivohivo, inapoteza joto muda wote, usiku na mchana, ila saa saba bado inayoingia ni zaidi ya inayotoka. Usiku hakuna kinachoingia, inatoka tu, kwahiyo inaendelea kupoa mpaka jua lirudi. Mwaka nao unaenda kwa mtindo huo, sehemu nyingi za kaskazini joto kali ni Julai au Agosti wakati jua lilikuwa juu zaidi Juni.

Chupa, na yale mambo ya gesi

Weka kipimajoto kimoja ndani ya chupa ya kioo, funga mfuniko, kingine kiweke pembeni nje ya chupa, vyote juani na chini yake kuwe na karatasi nyeusi. Baada ya dakika 20 ndani kutakuwa moto zaidi, kwa tofauti kubwa tu.

Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alianza majaribio ya masanduku ya vioo, baadaye akatengeneza sanduku la mbao lenye ndani nyeusi na vioo vya tabaka kadhaa juu, likapata moto kupita nyuzi 100 kwa jua peke yake. Alafu akafanya kitu cha akili zaidi, akalipandisha mlimani. Kule juu hewa ya nje ilikuwa baridi kuliko bondeni lakini ndani ya sanduku joto lilikaribia kuwa lilelile. Yaani jua la mlimani siyo dhaifu, tatizo la mlimani ni hewa kushindwa kulishika joto. Mi hilo jaribio nalipenda kuliko yote kwenye hii mada.

Ila kuwa makini na chupa. Watu wengi wanaitumia kuelezea gesi joto, wakati chupa inafanya kazi zaidi kwa kuzuia hewa ya moto isiondoke na upepo. Gesi joto zinafanya kitu kingine. Ardhi ikipata moto inatoa mionzi ya infraredi ambayo macho hayaioni, na mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi na methani zinaikamata hiyo mionzi na kurudisha sehemu yake chini. Mwaka 1856 Eunice Foote huko Marekani aliweka mitungi ya kioo juani yenye hewa tofauti, ule wenye kaboni dayoksaidi ukapata moto zaidi na ukachelewa kupoa, na kuanzia 1859 John Tyndall akapima maabara jinsi hizo gesi zinavyomeza joto. Bila hizo gesi wastani wa uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Kwa kuwepo kwake ni kama 15 juu ya sifuri. Tatizo la sasa ni kuziongeza kupita kiasi.

Kuona kazi ya mionzi hiyo bila mitambo, subiri usiku wawili, mmoja wa mawingu mengi na mmoja wa nyota zinazoonekana vizuri, usiwe na upepo. Laza kipimajoto kimoja kwenye majani mafupi, kingine kitundike mita 1 na nusu juu. Usiku wa mawingu vitakaribiana. Usiku wa nyota cha kwenye majani kitashuka chini ya kile cha juu, maana ardhi inarusha joto lake angani na hakuna wingu la kulirudisha. Ndo maana mkulima anaweza kukuta mimea imeungua na baridi wakati kipimajoto cha juu kilionyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri usiku kucha.

Mlima sitakaa nao sana. Kwa wastani hewa inashuka nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000, kwasababu unaondoka kwenye ardhi pana inayopasha, na hewa inayopanda inatanuka na ikitanuka inapoa. Pwani kukiwa na nyuzi 30, kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hesabu inakupa kama nyuzi 8 chini ya sifuri, na barafu ipo pale kwenye latitudo ya nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Kama una njia ya kupanda mita mia kadhaa, beba kipimajoto, pima chini, pima juu, ila ndani ya saa moja hivi, ukichelewa utakuwa unapima mabadiliko ya saa na siyo ya urefu.

Namba zako zikigoma

Kosa la kwanza kabisa: kupima hewa ukiwa umeweka kipimajoto juani. Hapo unapima kipimajoto chenyewe kilivyopashwa. Vituo vya hali ya hewa vinaweka vyao ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi. We tumia kivuli cha mti au tengeneza paa dogo jeupe, mbali na ukuta maana ukuta uliopigwa na jua mchana unatoa joto mpaka usiku.

Kama mchanga na maji vimepanda sawasawa, angalia kina cha kipimajoto, labda umekizika sana. Kama karatasi nyeusi na nyeupe hazitofautiani, ni upepo au wingu limepita. Kama cha kwenye majani usiku hakishuki, labda kipo chini ya mti, majani ya mti yanafanya kazi ya wingu.

Na kabla ya yote hayo viweke vipimajoto vyote viwili kwenye kikombe kimoja cha maji kwa dakika 10. Vikipishana, usitupe kimoja, andika kinazidi kwa kiasi gani, alafu hiyo namba uitoe kwenye kila kipimo chake.